Bosi Akiomba Fadhila, Nani Hulipa?

Mpenzi msomaji, kuna kazi ambazo haziandikwi katika barua yoyote ya kuajiriwa. Karani anaombwa amchukue mtoto wa meneja shuleni. Mwalimu anaombwa na mwalimu mkuu amfundishe mwanawe jioni bila malipo. Sekretari anaombwa aje Jumamosi kusaidia jikoni, kwa sababu kwa bosi kunafika wageni wanaoleta mahari. Dereva wa kampuni anaombwa apeleke mbolea shambani kwa mkubwa. Mwingine anapewa kadi ya mchango, na mwingine anawekewa mezani karatasi ya sacco atie sahihi ya udhamini. Wote husikia maneno yale yale: "Nisaidie kidogo tu."

Wengi hukubali. Hukubali haraka, tena kwa tabasamu, halafu hunung'unika njia nzima kuelekea nyumbani. Wachache hukataa, na wakishakataa hawalali usingizi. Je, ni vibaya kukubali? Je, ni utovu wa heshima kukataa? Na mtu mzima mwenye familia ataamuaje?

Pengine utauliza mambo ya ofisini yanatafuta nini katika ukurasa wa ndoa. Yamekuja hapa kwa sababu yanafika nyumbani. Jumamosi ambayo bosi anaiomba ilikuwa na mwenyewe. Huenda mke alikuwa ameahidiwa kwamba mtakwenda pamoja kuwaona wazazi. Huenda mtoto alikuwa akingoja baba amtazame akicheza mpira. Fadhila hutolewa kazini, lakini bei yake hulipwa nyumbani, na aghalabu anayeilipa hakuulizwa.

FADHILA NI NINI HASA?

Hebu tuanze na neno lenyewe. Jirani akibisha hodi kuomba chumvi, unaweza kumpa. Unaweza pia kumwambia imekwisha, naye ataenda nyumba ya pili, na kesho asubuhi mtaamkuana kama kawaida. Chumvi uliyompa ni fadhila kwa sababu ungeweza kumnyima bila kudhurika. Mtoza kodi naye haombi. Anadai, na usipolipa kuna adhabu. Hakuna anayeiita kodi kuwa ni fadhila.

Mkubwa wa kazi anasimama katikati ya hawa wawili. Huzungumza kwa ulimi wa jirani, lakini ana mkono wa mtoza kodi. Ndiye anayetia sahihi likizo yako. Ndiye anayeandika ripoti yako ya mwaka. Kampuni ikipunguza wafanyakazi, ndiye anayeulizwa nani abaki na nani aende. Hata kama hana nia mbaya, wewe unapomsikia akisema "tafadhali" unasikia na mambo hayo yote nyuma ya neno hilo.

Ni haki tuseme pia kwamba wakubwa wengi hawafanyi hivyo kwa ukatili. Hawajui tu. Kila anayeombwa hukubali akicheka, basi bosi huamini kwamba watu wake wanampenda sana. Hajawahi kusikia hapana hata moja, atajuaje kama zile ndiyo zilikuwa za kweli?

SOMO KUTOKA HISTORIA YETU

Nchi yetu imewahi kujifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Oktoba 1919, wakati wa Gavana Edward Northey, serikali ya kikoloni ilitoa waraka kuhusu vibarua wa mashamba ya walowezi. Waraka ule haukusema kwamba watu watalazimishwa. Ulitaka maofisa na machifu wawahimize vijana kutoka vijijini wakafanye kazi katika mashamba hayo. Neno lilikuwa kuhimiza tu. Lakini waraka ule ule uliagiza yaandikwe majina ya machifu waliosaidia na ya wale ambao hawakusaidia, kisha yapelekwe kwa Gavana.

Fikiri wewe ungekuwa chifu. Ungehimiza namna gani? Na kijana aliyehimizwa na chifu wa namna hiyo, angekataa kwa ujasiri gani? Viongozi wa misheni za Kiprotestanti waliandika kulalamika. Walieleza kwamba kwa mwananchi wa kawaida, dokezo la serikali halina tofauti na amri. Mwaka 1921 Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Makoloni, aliagiza maofisa wa serikali wasishiriki tena katika kuwatafutia wenye mashamba binafsi wafanyakazi.

Bila shaka bosi wako si Gavana Northey, na mfuko wa mbolea si kazi ya shokoa. Lakini kanuni ni ile ile. Ombi hupimwa kwa kile kinachompata mtu akikataa. Upole wa maneno yake hautoshi kulipima.

NAHODHA NA SHEHENA

Sasa, je, aliyekubali kwa hofu amekubali kweli? Swali hili ni la kale. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alitoa mfano wa watu walio chomboni wakati wa dhoruba, wanaotupa shehena baharini ili kuokoa maisha yao. Hakuna nahodha anayependa kutupa mali. Lakini kwa saa ile, mbele ya mawimbi yale, anaamua kutupa, na mkono unaotupa ni wake. Karne nyingi baadaye, Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliutumia mfano huo huo. Tendo la namna hiyo limechanganyika. Mtu hakulipenda, lakini amelichagua.

Mfano huu una faida mbili kwetu. Kwanza, unatuzuia kumdharau anayekubali. Mke anayemwambia mumewe, "Wewe huna msimamo, bosi anakutuma kama mtoto," pengine hajaiona dhoruba yenyewe. Karo ya muhula ujao imo ndani ya dhoruba hiyo, na kodi ya nyumba pia. Anayetupa shehena ili kuwaokoa walio chomboni si mwoga.

Pili, mfano huu unatuzuia kujisingizia. Huwezi kusema tu, "Nilishurutishwa," ukafumba macho. Nahodha huchagua kitu cha kutupa. Hutupa magunia kabla ya maji ya kunywa, na abiria hamtupi kamwe. Basi swali la kujiuliza bosi anapoomba ni hili: kitu ninachotaka kukitupa ni cha nani?

VITU VYA NAMNA TATU

Kuna vitu ambavyo ni vyako mwenyewe. Saa yako ya chakula cha mchana, nguvu za mikono yako, ujuzi wako wa kuandika barua nzuri. Ukitaka kumpa bosi, mpe. Si kila fadhila ni mtego. Bosi akifiwa, ukaenda kusaidia kupanga viti, hilo ni utu. Gari lake likikwama njiani ukalisukuma, hakuna dhamiri inayokuzuia. Sisi ni watu wa kusaidiana, na cheo hakimtoi mtu katika ubinadamu.

Kuna vitu ambavyo ni vyenu wawili. Jumamosi na Jumapili ni zenu. Akiba ni yenu. Jina jema la nyumba ni lenu. Hivi huna ruhusa ya kuvitoa peke yako, hata ukiwa mkarimu namna gani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Mfalme Ahabu alimwomba Nabothi shamba lake la mizabibu. Hakuanza kwa kunyang'anya. Alianza kwa ombi la heshima, na alikuwa tayari kumpa shamba lingine lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa wazee wake. Yaani hakuwa na haki ya kulitoa kama kitu cha mtu mmoja. Mwenye ndoa naye ana shamba la namna hiyo.

Na kuna vitu ambavyo si vyenu kabisa. Petroli ya kampuni si yako wala si ya meneja. Saa za mwajiri ni za mwajiri. Anayeombwa apeleke mbolea kwa gari la kampuni, kisha aandike katika kitabu cha safari kwamba alikwenda kwa mteja, ameombwa uongo na wizi, na siku mambo yakifichuka sahihi itakayoonekana ni yake. Mwili wako pia umo hapa, kwa sababu katika ndoa umekwisha kuahidiwa mtu mmoja. Bosi anayeomba umsindikize hotelini, au anayegeuza kila ombi kuwa nafasi ya kuwa peke yake nawe, haombi fadhila. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamhesabia mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kimapenzi kuwa ni mhalifu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na maagizo yaliyoandikwa kuhusu kuzuia usumbufu huo. Katika jambo hili, ndugu msomaji, usisubiri ombi la pili. Mwambie mwenzako nyumbani siku hiyo hiyo, na uandike tarehe na maneno yaliyosemwa. Nawe unayeambiwa, usianze kwa kuuliza, "Ulimfanyia nini hata akakuomba?" Swali hilo moja linaweza kumfunga mtu mdomo kwa miaka.

KARATASI YA SACCO

Nataka tukae kidogo kwenye jambo la udhamini, maana limevunja amani ya nyumba nyingi na huonekana dogo siku ya sahihi. Bosi anataka mkopo katika sacco ya kazini. Anapungukiwa na mdhamini mmoja. Anakuja mezani kwako mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea, anakuulizia watoto, halafu anatoa karatasi.

Tuseme akiba yenu ni shilingi 150,000, nanyi mmekuwa mkiiweka kidogo kidogo ili mtoto akifika sekondari mkope karo. Umemdhamini kwa shilingi 100,000. Tangu siku hiyo hela hizo zimefungwa. Huwezi kuzitoa wala kujitoa katika sacco kwa urahisi mpaka mkopo wake uishe au apatikane mdhamini mwingine. Unapotaka kukopa wewe, unaweza kukuta mlango umekuwa mwembamba. Na bosi akiacha kazi au akishindwa kulipa, sacco itafuata wadhamini, na akiba ya miaka italipa gari mlilolipanda mara moja tu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mdhamini ni zaidi, kwa kuwa harusi ilikuwa ya mtu mwingine.

Aibu kubwa huwa siku mke anapokwenda kuuliza mkopo wa karo, akaambiwa na karani wa sacco jambo ambalo mumewe hakumwambia. Hapo ugomvi hauhusu shilingi tena. Mke anajiuliza: kama alimwogopa bosi kiasi cha kutoa akiba yetu, na akaniogopa mimi kiasi cha kuficha, basi mimi ni nani katika nyumba hii?

Kwa hiyo fanyeni sheria ya nyumba, leo, kabla karatasi haijaja: hakuna anayemdhamini mtu yeyote bila kauli ya wote wawili. Sheria hiyo ni ngao. Siku bosi akija, utaweza kusema kweli bila kumdharau: "Mzee, nyumbani tulikubaliana kwamba hakuna anayetia sahihi ya udhamini peke yake. Nitazungumza na mama watoto." Bosi naye ana nyumba. Maneno hayo anayaelewa.

MKUBALIANE KABLA YA SIMU KULIA

Ndoa nyingi hukosana kwa sababu jambo hujadiliwa baada ya kutendwa. Mmoja amechoka, mwingine amekasirika, na chakula kimepoa. Tafuteni wakati wa utulivu. Anayefanya kazi aeleze kazi yake ilivyo: nani anamwomba nini, mara ngapi, na nini kilimpata mwenzake aliyekataa. Asipunguze ili kuonekana jasiri, wala asiongeze ili ahurumiwe. Anayesikiliza asikilize kwanza.

Kisha jiulizeni maswali matatu juu ya kila ombi. La kwanza: naweza kukataa bila kuadhibiwa? Kama jibu ni ndiyo, mnaweza kukubali kwa moyo mweupe. La pili: naweza mimi kumwomba bosi jambo kama hili? Kama unaweza kumpigia simu Jumamosi akuletee mbolea kwa gari lake, basi ninyi ni majirani, na kusaidiana kwenu ni kwa kweli. Kama wazo lenyewe linakuchekesha, umejua tayari kwamba fadhila hii ina njia moja tu. La tatu: naweza kulieleza jambo hili waziwazi, nyumbani na kazini? Linalohitaji kufichwa kwa mke, kwa mume au kwa mhasibu wa kampuni, lisifanywe.

Epukeni pia makosa mawili ya wenzi. Kuna anayemsukuma mwenzake kutoka nyuma: "Mwambie hapana! Mwonyeshe!" Yeye hatakuwapo chumbani wakati wa kumwonyesha. Na kuna anayesema, "Vumilia tu, tutakula nini?" kila mara, hata mwenzake anapobebeshwa yasiyobebeka. Huyu wa pili anadhani analinda mshahara, kumbe anamfundisha mwenzake kwamba nyumbani hakuna pa kusemea. Mwenye kukataa anahitaji mtu wa kurudi kwake. Na mwenye kukubali anahitaji mtu wa kumkubusha kwamba yeye si mtumwa.

NAMNA YA KUJIBU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ombi la kwanza ndilo rahisi kuwekewa mpaka, kwa sababu bado halijawa desturi. Usikimbilie ndiyo. Sema, "Nitazame ratiba ya nyumbani kisha nikujibu jioni." Jibu lililochelewa kwa saa chache huwa jibu lako mwenyewe.

Ukikubali, weka kipimo: "Leo nitampeleka mtoto kwa kuwa dereva ni mgonjwa, lakini kuanzia Jumatatu sitaweza, maana mimi pia nawachukua wangu." Ukikataa, kataa kwa heshima na kwa maneno machache. Usitunge shangazi mgonjwa. Uongo utahitaji shangazi mwingine wiki ijayo, na bosi akigundua atakuwa na haki ya kukasirika. "Madam, Jumamosi ni siku ya familia yangu, sitaweza kuja. Lakini ile ripoti ya Jumatatu itakuwa mezani Ijumaa." Hapo umelinda nyumba na umeonyesha kwamba kazi uliyoajiriwa unaiheshimu. Ni vigumu kumshtaki mfanyakazi ambaye kazi yake yenyewe haina dosari.

Ombi likiwa limegeuka kazi ya kila wiki, omba liandikwe. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ueleze kazi ya mtu. Mambo yake yakibadilika, mfanyakazi ashauriwe na apewe mabadiliko hayo kwa maandishi. Mara nyingi jambo ambalo bosi haoni haya kulisema huona haya kuliandika.

Wengi huogopa neno moja: ukaidi. Huambiwa kwamba asiyetii hufukuzwa papo hapo. Ni kweli kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinahesabu kukataa amri kuwa kosa kubwa. Lakini kisome vizuri. Kinazungumzia amri iliyo halali na ya haki, iliyo ndani ya wajibu wa mfanyakazi. Kupika katika sherehe ya mahari ya bosi hakumo ndani ya wajibu wa sekretari. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa makosa, mwajiri anapaswa kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Anayefukuzwa bila haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini.

TUSIDANGANYANE

Hata hivyo, mpenzi msomaji, si vyema kukuahidi kwamba ukijibu vizuri mambo yatakwenda vizuri. Nabothi aliuawa, na Maandiko hayakulificha jambo hilo. Kuna bosi ambaye hatakufukuza, bali atakuruka katika kupandisha vyeo, atakupa zamu za usiku, atasahau jina lako. Sheria haioni kila kitu, na kesi ina gharama. Ndiyo maana uamuzi wa kukataa mambo makubwa ni lazima uwe wa wawili. Kaeni na kalamu. Mna akiba ya miezi mingapi? Nani anaweza kuongeza kipato kwa muda? Kuna kazi nyingine ya kutafuta kimya kimya? Ujasiri usio na hesabu unaweza kuwaangukia watoto.

Mkiona kwamba kwa sasa hamwezi, basi tupeni magunia. Toeni Jumamosi moja kwa mwezi, lakini mkijua wote kwamba mmeitoa, na kwa muda gani. Huko si kushindwa. Mnachokihesabu pamoja hakiwezi kuwatenganisha. Lakini yale ya namna ya tatu, yaani uongo, mali ya mtu mwingine na mwili, hayamo katika hesabu hii, hata karo ikiwa ndogo.

Wengine watasema, "Hivyo ndivyo watu wanavyopanda." Ni kweli wapo waliopanda kwa kubeba mifuko ya mkubwa. Lakini mkubwa huhamishwa, hustaafu, naye pia hufukuzwa. Siku hiyo aliyempikia hubaki na ujuzi wa jikoni mwa mtu aliyeondoka, na wenzake walioachwa nyuma wanakumbuka.

NA SISI JE?

Tusimalize bila kujitazama. Karibu kila nyumba inayosoma ukurasa huu ina mtu ambaye kwake sisi ndio bosi. Yupo msichana wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Yupo kijana wa shamba anayeombwa Jumapili "aangalie tu ng'ombe." Yupo mhudumu wa ofisi tunayemtuma maandazi kwa fedha zake, tukasahau kumrudishia. Je, dada huyo anaweza kukataa shangazi yetu anapokuja na nguo za kufuliwa? Sisi tunaweza kumwomba atuachie jioni yake bila malipo, yeye anaweza kutuomba nini?

Sheria ile ile ya mwaka 2007 inampa yeye pia walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum, aliwakumbusha waajiri kwamba mfanyakazi ni mtu mwenye roho na mwenye nyumba, na kwamba kazi isimfanye aisahau familia yake. Tunapenda maneno hayo tukiwa tumeonewa. Yanatuhusu zaidi tunapokuwa na uwezo wa kuonea. Ukitaka kujua kama ombi lako ni fadhila, mpe mtu njia ya kukataa: "Ukiweza. Usipoweza, hakuna neno, na nitakulipa kando." Kisha siku atakaposema hawezi, usinune. Hapo ndipo utajua kama hukumlazimisha.

Na kama wewe ni meneja, leo jioni mwambie mwenzako majina ya watu waliokusaidia mwaka huu nje ya kazi zao. Mwenzako akuulize ni wangapi kati yao waliwahi kukwambia hapana. Kama hakuna hata mmoja, usifurahi upesi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Katika mwezi uliopita, ni fadhila gani tulizozitoa kazini, na ni nani nyumbani aliyezilipa?

2. Ni vitu gani tunakubaliana kwamba hakuna anayeweza kuvitoa bila kauli ya mwenzake?

3. Kama mmoja wetu angekataa ombi la bosi kesho, mwenzake angempokeaje mlangoni?

4. Nani anatufanyia sisi kazi ambazo hawezi kuzikataa, na tutambadilishia nini juma hili?